Kutoa boti majini kwa trekta dogo: mwongozo kwa wenye boti wa Malindi

Swali la kwanza huwa la injini. Trekta la nguvu farasi 25 litaweza? Au nitafute la 40? Kwenye mchanga, injini ndiyo hushindwa mwisho kabisa. Hata trekta dogo, likitiwa gia ya chini, lina nguvu ya kuzungusha magurudumu yake mpaka yajifukie. Kinachokwisha mapema ni mshiko: uzito uliokalia magurudumu ya nyuma, upana wa matairi, na ugumu wa mchanga pale yalipo kwa saa hiyo. Viwili vya mwanzo unavitengeneza gereji. Cha tatu kiko kwa maji kujaa na kupwa, na kwa maoni yangu ndicho kinachoamua kama utamaliza kazi kwa nusu saa au utakesha ufuoni na koleo. Kwa hiyo tunaanza na mzigo na bahari, trekta litafuata.

Uzito, bila kujidanganya

Tuseme una boti ya faiba ya futi 20. Mwili wake kilo 900, mashine ya nguvu farasi 60 kilo 110, petroli lita 100 kama kilo 75, nyavu, nanga na masanduku ya barafu kilo 150, trela la chuma kilo 400. Hapo ni kilo 1,635. Sasa ongeza kile ambacho wengi hawakihesabu: maji yaliyolala ngamani. Lita 200 chini ya sakafu ni zaidi ya kilo 200, na huzioni. Umefika kilo 1,835 na ushei.

Ufuo ukiwa na mwinamo wa mita 1 kupanda kwa kila mita 10 za kwenda, mwinamo peke yake unakudai mvuto wa kilo 180 hivi. Juu ya hapo kuna ukinzani wa mchanga wenyewe. Kwenye mchanga mbichi uliokazana, kadiria kilo 150. Kwenye mchanga mkavu wa juu, ule unaozamisha kandambili, kadiria robo ya mzigo wote, yaani kilo 460. Jumla: karibu 330 kwenye mchanga mbichi, 640 kwenye mkavu. Trekta dogo la kilo 1,200 kwenye mchanga mkavu halipati mvuto wa hata nusu ya uzito wake, na lenyewe pia lina mlima wa kupanda. Ndiyo maana boti ileile, trekta lilelile na dereva yuleyule wanafaulu Jumatatu na kukwama Alhamisi.

Mashua ya mbao iongezee makadirio. Mbao zilizokaa majini miezi zimenyonya maji, na mashua ya futi 20 inaweza kuwa nzito kuliko unavyoikumbuka siku ilipotoka kwa fundi.

Ijue njia yako maji yakiwa yamekupwa

Nenda siku moja kabla, maji yakiwa chini, kwa miguu mitupu. Chukua upondo au fimbo nene uuchome mchangani kila hatua tano, kuanzia pale boti itakapoelea hadi pale itakapolala. Upondo ukizama kwa urahisi zaidi ya shibiri moja, hapo si njia. Simika vijiti pande mbili za njia nzuri, virefu vya kutosha kuonekana maji yakishajaa, kwa sababu maji yakirudi ufuo wote utafanana.

Ghuba ya Malindi ina lake. Mto Sabaki ukifurika huleta udongo mwekundu, na upande wa kaskazini, kadiri unavyokaribia mdomo wa mto, tope laini hulala chini ya ngozi nyembamba ya mchanga. Juu panaonekana pagumu, gurudumu likikanyaga linapasua. Upande wa kusini, kuelekea Casuarina na Mayungu, adui ni mwamba wa matumbawe uliofunikwa na mchanga kidogo: trekta halizami, lakini tairi la trela linachanika ubavuni na mkuku, ule uti wa chini wa boti, unagonga. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, kuna pia mafungu ya mwani yaliyotupwa ufuoni. Yaondoe kwa reki kwenye njia ya magurudumu. Mwani uliooza unateleza, na chini yake mchanga haukauki wala haukazani.

Angalia pia juu ya mstari wa maji makuu. Kasa hutaga huko, na mayai yanakaa chini ya mchanga kama miezi miwili. Ukiona vijiti vilivyozungushiwa kamba au nyayo pana za kasa zikipanda na kurudi, hamisha njia. Zungumza na viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) ya ufuo huo kabla ya kuleta trekta. Ukiwa ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968, ruhusa ni ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Kuchagua saa

Maji ya bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na hukolea siku moja au mbili baadaye. Pwani yetu wakati huo maji hupanda na kushuka mita 3 na zaidi. Katikati ya hapo huja maji mafu, ambayo hupanda na kushuka kama mita 1 tu. Jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari ya Kenya hupigwa kwa bandari ya Kilindini. Malindi tofauti ni ya dakika chache, haina haja ya kukuumiza kichwa.

Linalohitaji kufikiriwa ni saa zenyewe. Siku za bamvua maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hukupwa saa nne hadi tano asubuhi. Yakijaa yanafika juu kabisa ya ufuo, kwa hiyo mkanda wa mchanga mkavu unakuwa mfupi. Hiyo ni faida kubwa. Lakini jua linazama baada ya saa kumi na mbili, na kitu kikiharibika utakuwa unatafuta shakeli kwa tochi ya simu. Siku za maji mafu, maji hujaa karibu saa nne au tano asubuhi na una mchana mzima mbele yako, ila hayapandi mbali na utavuta mita nyingi kwenye mchanga mlaini.

Mimi huchagua siku mbili au tatu kabla ya bamvua kukolea. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku hizo yanajaa kati ya saa nane na saa tisa alasiri. Yanapanda vya kutosha, na mwanga unabaki wa saa tatu nne.

Je, uvute maji yakiwa yanajaa au yakishaanza kupwa? Wazee wengi watakwambia yanapojaa, kwa sababu boti ikikataa utaielea tena. Kwa kuvuta kwa mikono na magogo wako sahihi. Trekta linabadilisha hesabu. Trekta likizama wakati maji yanajaa, kila dakika linafunikwa zaidi, na injini iliyomezwa na maji ya chumvi ni hasara kubwa kuliko boti kulala upande kwa saa sita. Anza nusu saa hadi saa moja baada ya maji kujaa. Katika saa ya kwanza maji hushuka taratibu, kama sehemu moja ya kumi na mbili ya safari yake yote; saa ya tatu na ya nne hushuka mara tatu ya hivyo. Kwa hiyo unaanza maji yakiwa bado yanashuka taratibu, mchanga unaoachwa wazi ni mbichi na mgumu, na trekta likigoma bahari yenyewe inaliacha mahali pakavu.

Kuteremsha boti ni kinyume chake: fanya maji yakiwa bado yanajaa.

Trekta

Likiwa la magurudumu manne yanayovuta, hata dogo la kilo 1,000, litakushangaza. La magurudumu mawili linahitaji uzito nyuma: matairi yaliyojazwa maji hadi robo tatu, au vyuma vya uzito kwenye ringi. Punguza upepo wa matairi ya nyuma hadi PSI 12 ili yatanuke. Usishuke chini ya hapo bila kuuliza fundi wa matairi, maana tairi linaweza kuteleza kwenye ringi na kung'oa vali. Matairi ya trela yashushe hadi PSI 18 au 20 kwa kazi ya ufuoni tu, na uyajaze kabla ya kurudi kwenye lami.

Jambo ambalo silifanyii mzaha ni mahali pa kufunga. Funga kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini, chini ya mstari wa ekseli ya nyuma. Ukifunga juu, kwenye mkono wa juu wa haidroliki au kuzungusha mnyororo juu ya ekseli, mzigo ukigoma trekta linainuka mbele na kumwangukia dereva mgongoni. Hupinduka ndani ya sekunde moja na nusu hivi. Hakuna mwanadamu anayewahi klachi kwa muda huo. Trekta lenye fremu ya kumkinga dereva, na dereva kufunga mkanda, ndilo la kukodi. Wengi hapa hukodi trekta la shambani. Mwenye trekta akisema fremu aliing'oa kwa sababu ilikuwa inagonga matawi ya miembe, mshukuru na utafute jingine.

Chini ya nyumba ya klachi, kwenye matrekta mengi ya zamani kama Massey Ferguson 135, kuna tundu dogo lenye pini ya kuning'inia. Linatoa mafuta na unyevu, na maji ya bahari yanaingilia hapohapo. Hiyo ndiyo sababu ya sheria hii: maji yasipite katikati ya gurudumu la mbele. Ukihitaji kwenda ndani zaidi, refusha mkono wa kuvutia, usizamishe trekta. Bomba nene la chuma la mita 4 au 5, lililochomelewa vizuri na kufungwa pini pande zote mbili, linaliacha trekta pakavu huku trela likiwa ndani ya maji.

Njia nyingine, na ndiyo ninayoipenda kwenye ufuo mlaini, ni waya. Trekta linabaki juu kwenye ardhi ngumu yenye nyasi, trela linateremshwa kwa mkono na kuvutwa kwa waya wa mita 30 au 40. Hapo trela lazima liwe na gurudumu la mbele pana na mkono wa kuliongoza. Tumia waya wa chuma au kamba ya polista. Kamba ya nailoni inanyumbuka sana kabla ya kukatika, na ikikatika inarudi kama mjeledi. Tandika gunia lenye mchanga katikati ya waya, na asisimame mtu yeyote karibu nao kwa urefu wake wote, kwa kila upande.

Trela

Matairi mapana, hata kama ringi zitahitaji kubadilishwa. Nguzo mbili zilizosimama nyuma, zilizopakwa rangi kali, ili nahodha ajue trela liko wapi likishazama. Winchi ya mkono yenye mkanda mzuri. Mnyororo wa akiba kutoka pua ya boti hadi kwenye trela, usiotegemea winchi.

Boti ya faiba inakaa sawa juu ya mbao ndefu zilizovishwa zulia. Mashua ya mbao inataka kubebwa na mkuku wake. Weka rola au gogo laini katikati lichukue uzito, na mbao za pembeni ziwe za kuzuia kuyumba tu. Ukizikaza zibebe mzigo zitasukuma mbao za ubavu na kufungua kalafati (pamba inayoziba nafasi kati ya mbao), achilia mbali kukwangua shahamu yote uliyopaka.

Watu

Unahitaji watu watano: dereva, nahodha, wawili ubavuni mwa boti, na mmoja wa ishara. Huyu wa ishara ndiye mwenye amri, na anasimama mahali ambapo dereva na nahodha wote wanamwona. Sauti haifiki, kuna injini na mawimbi. Kubalianeni ishara tatu kabla ya kuanza: mkono mmoja juu ni simama; mkono ukizungushwa ni vuta; mikono yote miwili ikishushwa ni rudi majini taratibu. Ishara ya kusimama tu ndiyo inayoweza kutolewa na mtu yeyote. Vijana wa ufuoni watakuja mbio kusaidia, na nia yao ni njema, lakini wasikae kati ya trekta na trela wala wasipande juu ya boti.

Kuvuta

Ukiwa umetoka mbali kwa barabara, acha trela lipoe kabla ya kuliingiza majini. Kitovu cha gurudumu chenye moto kikikutana na maji baridi hewa ya ndani inajikunja, na maji ya chumvi yananyonywa kupitia sili hadi kwenye beringi. Nusu saa kivulini inatosha.

Rudisha trela kwa unyoofu kati ya vijiti vyako, mpaka theluthi mbili za mbao zake ziwe chini ya maji. Likiingia sana tezi ya boti, yaani nyuma yake, itaelea ikihangaika na pua itakaa vibaya. Likiingia kidogo utavuta boti nzima kwa winchi. Dereva aache injini ikinguruma, abane breki, asishuke.

Nahodha anakuja na boti polepole. Hapa ndipo penye hatari ya bahari, kwa sababu pua inatazama ufuo na tezi, iliyo fupi na yenye mashine, inatazama mawimbi. Kabla ya kukaribia, atupe nanga ya tezi mita 30 au 40 nje na kuilegeza kamba kadiri anavyoingia. Nanga hiyo inaishika boti isipinduke ubavu kwa mawimbi, na ikibidi kutoka anajivuta nayo. Mawimbi huja kwa mafungu. Ngoja fungu kubwa lipite, ingia kwenye utulivu unaofuata. Yakiwa yanavunjika juu ya trela, hakuna kazi siku hiyo. Rudi utie nanga na usubiri, na kwa miezi ya kusi kusubiri kunaweza kuwa kwa siku kadhaa.

Pua ikigusa kati ya nguzo, wawili walioko majini, maji yakiwa kiunoni na si zaidi, waishike sawa. Funga mkanda wa winchi, vuta hadi pua ikae, funga mnyororo wa akiba. Zima mashine, iinue, ifunge isishuke. Legeza kamba ya nanga ya tezi kabisa na uifunge boya. Wapo waliovuta boti nzuri hadi juu huku nanga ikilima ufuo nyuma yao.

Sasa ishara ya kuvuta. Gia ya kwanza ya chini, injini mwendo wa wastani, klachi iachiliwe yote mapema. Klachi inayoachiliwa nusunusu inaungua na pia inapiga mishtuko inayochimba mchanga. Kama trekta lina kufuli la difu, linalofanya magurudumu yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja, lifunge kabla ya kuanza, sio baada ya gurudumu moja kuzunguka bure, na ulifungue kabla ya kukata kona. Nenda moja kwa moja, bila kusimama, hadi trela lote litoke kwenye mchanga uliolewa maji.

Simama kwenye mchanga mbichi mgumu. Toa kizibo cha tezi maji ya ngama yatoke. Huu ni muda ambao watu hawapendi kuupoteza, na ndio wenye faida kuliko wote: ukingoja dakika kumi mzigo umepungua kilo 200 kabla ya kugusa mchanga mkavu. Shusha pia matangi ya petroli, nyavu na barafu. Kwenye mkanda mkavu tandika makuti mabichi mawili matatu kwa unene chini ya njia ya magurudumu, au mbao ukiwa nazo, kisha vuta tena kwa mwendo mmoja.

Likikwama

Gurudumu likizunguka mara moja bila kusogea, acha kutia mafuta. Mzunguko wa pili unachimba, wa tatu unakalisha ekseli mchangani. Tenganisha trela na trekta kwanza. Trekta peke yake litatoka mara nyingi, lipeleke juu penye ugumu na umalizie kwa waya.

Trekta lenyewe likishindwa, fukua mbele ya kila gurudumu upate mteremko mrefu, sio shimo, na ujaze makuti, makumbi ya nazi au magunia. Kama hakuna gari la kulivuta, fukia gogo la mnazi kwa kulalia, mkabala na trekta, kina cha mita 1, ufunge waya katikati yake na kutumia winchi ya mkono. Kamwe usifunge gogo kwenye magurudumu ya nyuma ili yapande juu yake. Gogo likishikwa na ardhi, gurudumu haliwezi kuzunguka tena, na nguvu yote inageuka kuinua pua ya trekta. Ni kifo kilekile cha kufunga juu ya ekseli.

Chumvi

Osha siku hiyohiyo. Visima vingi vya mjini vina maji ya chumvichumvi, kwa hiyo tafuta maji ya bomba au ya mvua, na osha kutoka chini kwenda juu: ekseli, breki, ringi, chini ya nyumba ya klachi. Toa pini ya lile tundu, acha lichuruzike. Piga grisi kwenye kila chuchu hadi grisi ya zamani itoke yote na mpya ianze kutoka ikiwa safi. Beringi za trela zifunguliwe kila msimu, hata kama hazijalia.

Boti ilaze pua ikiwa juu na kizibo kikiwa kimetolewa, la sivyo mvua za masika zitaijaza na kuvunja trela. Toa uzito kwenye matairi kwa magogo chini ya fremu.

Mafuta ya gia ya trekta yaangalie kesho yake asubuhi, likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa. Maji yanakaa chini. Legeza boliti ya kutolea mafuta kidogo tu na utazame tone la kwanza. Likiwa jeupe kama maziwa, mwaga yote na utie mapya kabla ya mwenye trekta kwenda nalo shambani.